Tangi la Maji ya Chumvi Haligeuzwi kwa Siku Moja

Ndugu msikilizaji, ukipita katika hoteli, ofisi na hata zahanati za watu binafsi mijini, aghalabu utakuta tangi la kioo lenye samaki wa rangi za kupendeza. Wapo pia wananchi ambao wameweka tangi la namna hiyo sebuleni kwao, watoto wakaacha televisheni na kukaa mbele ya kioo kutazama. Mengine kati ya matangi hayo ni ya maji ya bahari, yenye mawe ya matumbawe, kaa wadogo na wale samaki wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe.

Lakini tangi la maji ya bahari ni mgeni mwenye masharti mengi. Maji yakipungua kwa jua na joto, chumvi hubaki na kuzidi ukali. Kwa aliye mbali na pwani, chumvi maalumu ya kuchanganya hununuliwa kwa bei ya kuumiza. Umeme ukikatika, pampu husimama, na hapo hatari huanza upesi, kwa kuwa maji ya bahari hubeba oksijeni pungufu kuliko maji ya mto kwa kiasi cha sehemu moja katika tano, joto likiwa sawa. Ndiyo maana baadhi ya wenye matangi haya hufikia uamuzi wa kuyageuza yawe ya maji yasiyo na chumvi, yenye majani mabichi na samaki wadogo wasio na madai mengi.

Uamuzi huo si mbaya hata kidogo. Ubaya ni jinsi unavyotekelezwa. Wengi hudhani kazi ni moja tu, yaani kumwaga maji ya chumvi na kujaza ya bomba. La hasha! Kazi ni kuondoa ulimwengu mmoja na kujenga mwingine mahali pake. Asiyeelewa tofauti hiyo huua viumbe mara mbili: kwanza wale wa zamani, kisha wale wapya.

Kabla ya kuendelea, tuelewane juu ya maneno. Maji yasiyo na chumvi watu wa pwani huyaita maji matamu, ingawa hayana sukari. Maofisa wa uvuvi huyaita maji baridi, ingawa yanaweza kuwa na joto. Katika mazungumzo haya nitasema maji baridi, na maana yake ni maji kama ya mto, ziwa au bomba.

Sasa tuitazame chumvi yenyewe. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, yaani kama vijiko sita vya chai. Tangi la lita 200 basi limebeba chumvi kilo saba. Kanuni ya maumbile ni kwamba maji huvutwa kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Mama zetu wanaijua kanuni hii bila kwenda shule: samaki akitiwa chumvi ili awe ng'onda, maji hutoka mwilini mwake, na maharage makavu yakilowekwa usiku, asubuhi yamevimba.

Damu ya samaki wa bahari ina chumvi kiasi cha theluthi tu ya ile iliyomo baharini. Kwa hiyo bahari humnyonya maji saa zote. Ili asikauke, samaki huyo hunywa maji ya bahari kila wakati, na matamvua yake, yaani mashavu anayopumulia, hufanya kazi ya kuitoa chumvi iliyozidi. Samaki wa maji baridi hali yake ni kinyume kabisa. Yeye ana chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia bila kukaribishwa. Huyu hanywi sana, hukojoa mno, na matamvua yake huokota chumvi kidogo kidogo kutoka majini.

Kwa hiyo ukimchukua samaki wa matumbawe na kumtia katika maji ya bomba, mwili wake hupokea maji usioweza kuyatoa. Atavimba ndani kwa ndani na kufa. Kaa, kiti cha pweza na matumbawe yenyewe huharibika upesi zaidi. Hakuna dawa ya kumzoesha, wala kumpunguzia chumvi polepole hakumsaidii samaki ambaye maumbile yake ni ya bahari peke yake.

Naam, wapo wachache waliojaliwa uwezo wa kuishi pande zote mbili. Mwatiko, anayefugwa katika mabwawa ya pwani yetu, huvumilia maji ya bahari na maji baridi. Wapo papa wa aina fulani wanaopanda mito mikubwa kama Zambezi. Na katika maduka ya samaki wa mapambo yupo samaki mdogo aitwaye moli, ambaye akizoeshwa taratibu huishi kwenye chumvi au bila chumvi. Lakini hao wasikudanganye. Ni wachache, na karibu wote unaowaona katika tangi la matumbawe hawamo miongoni mwao.

Hivyo hatua ya kwanza hufanywa kabla ya kumwaga hata ndoo moja: kuwatafutia wenyeji wa zamani makao mapya. Mpe mwenzako mwenye tangi la chumvi, warudishe dukani ikiwa duka litakubali, au zungumza na hoteli inayofuga samaki kama hao. Mawe nayo yaende pamoja nao, maana mawe ya matumbawe yaliyokaa majini si mawe matupu. Ndani yake mna minyoo, konokono, sponji na vijidudu visivyohesabika. Ukiyaacha ndani na kutia maji baridi, vyote hufa kwa pamoja, vikaoza, na tangi likanuka kama soko la samaki siku ya mgomo wa wazoa taka.

Hatua ya pili ni kujua kipi kinabaki na kipi kinaondoka. Kioo chenyewe hakina tatizo, wala gundi ya silikoni inayoshika pembe zake. Pampu na chujio vinaweza kubaki vikisafishwa. Kile kifaa kinachotoa uchafu kwa njia ya povu hakina kazi tena, kwa kuwa maji baridi hayatoi povu laini kama ya bahari. Kiuzwe, na fedha yake inunue majani. Taa za rangi ya buluu zinazopendwa na matumbawe zibadilishwe kwa taa nyeupe inayofanana na mwanga wa mchana.

Mchanga wa zamani lazima utoke. Mchanga wa matangi ya chumvi, na mchanga mwingi wa ufukweni kwetu, ni vipande vya matumbawe na magamba ya kombe vilivyosagika. Hiyo ni chokaa. Ukikaa katika maji baridi huyeyuka polepole na kuyafanya maji yawe magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu upesi. Majani mengi ya majini hudhoofika humo. Kama huna hakika na mchanga unaotaka kutumia, uweke kidogo kwenye kisosi na kuumwagia siki. Ukichemka kwa vipovu, una chokaa, usiutumie. Ukinyamaza, huo unafaa. Mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yake yakawa meupe ndio wa kutafutwa.

Angalizo jingine: ikiwa samaki wa zamani waliwahi kutibiwa kwa dawa yenye shaba nyekundu, masalio yake yanaweza kuwa yamenasa katika mawe na mchanga. Shaba huua konokono na kamba hata ikiwa kidogo sana. Hiyo ni sababu nyingine ya kutobakiza mchanga wala mawe.

Hatua ya tatu ni kuosha, na hapa hesabu ndogo ya darasani inatosha. Zima umeme kwanza, uchomoe na nyaya. Usijaribu kulihamisha tangi likiwa na maji, kwani lita 200 ni zaidi ya kilo 200, na kioo hakivumilii kupindishwa. Ukishatoa mawe, mchanga na maji, tuseme zimebaki chini lita 20 zisizochoteka, yaani sehemu moja ya kumi. Jaza tangi kwa maji ya bomba: chumvi imeshuka kutoka gramu 35 hadi tatu na nusu kwa lita. Mwaga tena ubakize sehemu ya kumi, ujaze: sasa ni theluthi moja ya gramu. Rudia mara ya tatu, na tangi zima la lita 200 litakuwa na chumvi gramu saba tu, kama kijiko kimoja cha chai. Huna haja ya sabuni, na sabuni isiguse kabisa. Magamba meupe yaliyoganda kwenye kioo na mabomba hutoka kwa kitambaa chenye siki.

Na maji hayo ya chumvi yamwagwe wapi? Si kwenye bustani. Kilo saba za chumvi zitaua nyasi na mchicha, na udongo utachukua muda kupona. Yaende kwenye bomba la majitaka.

Baada ya hapo ndipo tunaanza kujenga. Chini kabisa tandika udongo wa kina cha vidole viwili. Wenye kufuga majani ya majini huko Ulaya hununua kwa fedha nyingi udongo mwekundu wa nchi za joto, kwa sababu una madini ya chuma ambayo mizizi huyapenda. Sisi tunaukanyaga kila siku. Uwe udongo ambao haujatiwa mbolea ya samadi wala ya dukani, na haujapuliziwa dawa za wadudu, kisha uchekechwe kuondoa mizizi na takataka. Juu yake tandika mchanga wa mto, vidole vitatu hivi, ili udongo usitibuke. Mimina maji polepole juu ya sahani iliyowekwa kwenye mchanga.

Maji ya bomba yana klorini, dawa inayowekwa kuua vijidudu. Hiyo inayotulinda sisi na kipindupindu huwaunguza samaki matamvua. Yaache maji yasimame siku nzima huku pampu ikiyakoroga, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa katika maduka ya samaki. Wanaotegemea visima wawe macho zaidi. Katika maeneo mengi ya pwani maji ya kisima yana chumvi, na utakuwa umefukuza bahari kwa mlango wa mbele na kuikaribisha kwa mlango wa nyuma. Yaonje kwanza, na kile kipimo cha chumvi ulichokuwa ukitumia zamani usikitupe, kwani hapa kina kazi ya mwisho.

Tuje kwenye majani. Kwa anayeanza, yatafutwe yale magumu. Yapo majani marefu kama utepe ambayo wataalamu huyaita Vallisneria. Jamaa zake huota katika maziwa yetu makubwa, na hustahimili hata maji magumu. Upo mmea usio na mizizi, wenye vijani vyembamba kama mkia wa mnyama, uitwao Ceratophyllum, nao pia ni mwenyeji wa maziwa ya Afrika Mashariki. Upo na Anubias wa misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati, wenye majani mazito ya kijani kibichi. Huo haufukiwi shina. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au kipande cha mti, na hutosheka na mwanga mdogo. Panda kwa wingi tangu siku ya kwanza. Washa taa saa nane kwa siku, na usiweke tangi mahali pa jua kali. Mwanga ukizidi, kioo chote kitavaa utando wa kijani.

Kwa nini nasema kwa wingi? Hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu. Tangi lolote lililo hai hulindwa na watumishi wasioonekana. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Tangi lako la bahari lilikuwa na bakteria hao, lakini walikuwa wa maji ya chumvi. Ulipobadilisha maji ghafla, walikufa au wakalala. Tangi linaonekana safi, maji yanang'aa kama ya chemchemi, kumbe halina hata mtumishi mmoja. Mwenye haraka humimina samaki ishirini siku hiyo hiyo, na baada ya siku chache anawaokota wakielea tumbo juu, huku akimlaumu muuza duka.

Bakteria wapya huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Katika muda huo, usitie samaki. Tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku ili zioze na kuwapa bakteria riziki. Ukipata kipande cha sponji ya chujio kutoka tangi la maji baridi la rafiki, lenye samaki wenye afya, kitie katika chujio lako. Ni sawa na kukopa hamira, na muda wa kungoja utapungua. Majani nayo husaidia kwa kula amonia yenyewe. Maduka ya samaki huuza vipimo vya amonia na nitriti. Vyote viwili vikionyesha sifuri huku ukiendelea kutia chakula, tangi limeiva. Anza na samaki wawili au watatu wadogo, ngoja wiki mbili, kisha ongeza.

Samaki gani? Gapi na plati huvumilia mengi na huzaa bila kubembelezwa. Kama maji yako ni magumu, fahamu kwamba Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii moja na perege, karibu wote hawapatikani penginepo duniani, nao wamezoea maji ya namna hiyo. Ila chunguza kwanza, kwa sababu baadhi yao hula majani na wengine huyang'oa wakichimba. Na Unguja yupo samaki mdogo aitwaye na wataalamu Nothobranchius guentheri, dume lake lina mkia mwekundu, anayeishi katika vidimbwi vya mvua. Vidimbwi vikikauka samaki hufa, lakini mayai yake hungoja ndani ya tope mpaka mvua ijayo. Wazungu wamemfuga miaka mingi, ilhali wengi wetu hatujawahi kusikia habari zake. Tahadhari tu kwamba kuvua samaki wa mapambo porini kuna sheria zake; uliza kwanza ofisi ya uvuvi.

Ndugu msikilizaji, nimalizie na jambo ambalo ni zito kuliko tangi la mtu mmoja. Katika kugeuza tangi, na baadaye katika kupunguza majani yanayozidi, utakuwa na viumbe usiowahitaji. Kishawishi ni kuvitupa baharini, mtoni au ziwani, kwa kusema kwamba unavirudisha kwao. Lakini una hakika gani kwamba ni kwao? Samaki wa dukani anaweza kuwa ametoka Indonesia, na hata aliyevuliwa hapa anaweza kubeba ugonjwa alioupata tangini.

Mifano haiko mbali. Magugu maji ni mmea wa Amerika ya Kusini uliosambazwa duniani na watu walioupenda kwa maua yake ya zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionekana katika Ziwa Victoria, ukiteremka pia na Mto Kagera, na katika miaka ya 1990 ukaziba mwalo wa wavuvi na bandari ya Kisumu. Mwaka 1984 mwani wa matangi uitwao Caulerpa taxifolia ulionekana baharini mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco, kisha ukatambaa katika pwani za Mediterania. Na yule samaki mwenye mistari na miiba ya sumu, ambaye wazungu humwita samaki simba, kwetu katika Bahari ya Hindi ni mkazi wa kawaida. Mwaka 1985 alionekana pwani ya Florida, na wanasayansi wengi wanaamini alitokana na matangi ya watu. Leo ameenea Karibiani akila samaki wadogo wa huko. Kiumbe ambaye kwetu hana fitina, kwa wenzetu amekuwa janga.

Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Majani yaliyozidi yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, kisha yafukiwe au yachomwe. Samaki apewe anayemtaka. Konokono wasitupwe mtaroni, kwani mtaro huishia mtoni.

Kugeuza tangi, basi, hupimwa kwa mambo mawili: subira ya wiki sita, na uaminifu juu ya kile kinachotoka. Mwenye hayo mawili atakaa jioni mbele ya kioo chake, umeme ukikatika asihangaike sana, na majani yakipeperuka taratibu majini yatakuwa malipo yake. Asiye nayo ni afadhali abaki na kioo kitupu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.